Bei ya umeme inayobadilika kila saa: mahali fedha inapookolewa na mahali isipookolewa

Tangu mikataba ya bei zinazobadilika kila saa ianze kuwafikia wateja wa majumbani, malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu la huduma kwa wateja yameongezeka, na mengi yanafanana. Mteja anaeleza kuwa amezima taa mapema, amechomoa chaja za simu, ameisumbua familia mwezi mzima, na bado ankara imebaki palepale. Hatuna sababu ya kutilia shaka maelezo hayo, wala juhudi za wateja hao. Tatizo ni kwamba juhudi hizo zimeelekezwa kwenye vifaa ambavyo havina fedha ya kuokolewa.

Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa saa tano hutumia uniti 0.045 (uniti moja ni kilowati-saa moja), na kuijaza betri ya simu hutumia takriban uniti 0.02. Kupasha moto lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 za Selsiasi huhitaji karibu uniti 4.7, yaani zaidi ya mara 200 ya umeme unaoijaza simu hiyo. Kwa hiyo mteja anayehamisha muda wa kupasha maji peke yake, akaacha kila kitu kingine kama kilivyo, atapata nafuu kubwa kuliko jirani yake anayezunguka nyumba nzima akichomoa plagi. Vifaa vinavyostahili kupangiwa saa ni vile vinavyotumia umeme mwingi na ambavyo kazi yake inaweza kusubiri: hita ya maji yenye tangi, mashine ya kufulia, kikaushio cha nguo, mashine ya kuoshea vyombo, pampu inayojaza tangi la akiba, na chaja ya gari la umeme. Friji haimo katika orodha hii, na tunaomba wateja waache kuizima jioni, kwa sababu chakula kinachoharibika kina gharama kuliko umeme uliookolewa.

Hita ya maji ina masharti yake. Tangi hupoteza joto muda wote maji yanapokaa, hivyo ni afadhali kupasha katika saa nafuu zilizo karibu zaidi na muda wa kuoga kuliko kupasha nusu siku kabla. Aidha, maji yanayohifadhiwa kwenye tangi yasishushwe joto kwa nia ya kubana matumizi, kwani bakteria wa Legionella, wanaosababisha ugonjwa mkali wa mapafu, huzaliana katika maji ya uvuguvugu. Kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida ni nyuzi 60, maji yakichanganywa na ya baridi yanapofika bombani ili yasiunguze.

Dhana inayotuletea malalamiko mengi zaidi ni ile ya kwamba umeme wa usiku ni wa bei nafuu daima. Haikuwa kweli kila mahali hata zamani, na leo ni kweli mahali pachache zaidi. Bei ya saa hufuata uwiano wa umeme uliopo na umeme unaohitajika, na pale ambapo mitambo ya nguvu ya jua imekuwa mingi, saa nafuu zimehamia mchana, wakati mwingine hadi bei ya soko ikashuka chini ya sifuri. Saa ghali zimebaki jioni, jua linapozama huku watu wakirejea nyumbani na kuwasha majiko kwa pamoja. Ratiba iliyokufaa mwezi uliopita, kwa hiyo, si ushahidi wa kesho. Katika masoko mengi bei za siku inayofuata hutangazwa siku moja kabla, na katika soko la pamoja la Ulaya, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, hupangwa kwa kila robo saa badala ya saa nzima. Jedwali lipo na linasomeka bure. Lisomwe kabla ya kuweka taima.

Na lisomwe vizuri. Jedwali hutumia mtindo wa saa 24, ambapo 02:00 ni saa nane usiku na 20:00 ni saa mbili usiku. Mteja anayeona bei nafuu ya 02:00 akadhani ndiyo saa mbili usiku huweka taima na kuwasha hita katikati ya saa ghali, kisha akailaumu mita.

Jambo jingine ambalo tumelieleza mara nyingi, na tunalirudia, ni kwamba sehemu ya ankara inayobadilika kila saa ni bei ya nishati pekee. Gharama za usafirishaji na usambazaji, tozo na kodi kwa kawaida huendelea hata bei ya soko ikiwa sifuri. Tuseme nyumba inatumia uniti 10 kwa siku, nne kati ya hizo jioni, na uniti ya jioni ni mara tatu ya uniti ya saa nafuu. Akihamisha uniti tatu kutoka jioni, mteja hupunguza gharama ya nishati kwa theluthi moja. Lakini ikiwa nishati ni nusu tu ya ankara, ankara nzima itapungua kwa sehemu moja ya sita. Hiyo ni nafuu ya kweli na inafaa kutafutwa, ila si nusu ya ankara kama wengi wanavyoahidiwa na wauzaji wa vifaa.

Kutafuta nafuu pia kusigeuke kuwa hatari. Saa inapokuwa nafuu, wapo wanaowasha kila kitu kwa wakati mmoja: hita ya kilowati 2, mashine ya kufulia ya kilowati 2 na chaja ya gari ya kilowati 7 ni kilowati 11, ilhali laini ya nyumba ya njia moja (fezi moja) ya volti 230 yenye swichi kuu ya ampea 40 hubeba kilowati 9.2. Baadhi ya mikataba hutoza pia kulingana na kilele cha matumizi cha mwezi, hivyo msongamano wa namna hiyo unaweza kufuta faida yote. Kikaushio cha nguo kisiachwe kikifanya kazi watu wote wakiwa wamelala. Vifaa vya mgonjwa, na joto au ubaridi unaohitajiwa na mzee au mtoto mchanga, visipangiwe saa hata kidogo.

Kabla ya kusaini, uliza kama mkataba una ukomo wa bei. Mwezi Februari 2021, baridi kali ilipokumba jimbo la Texas nchini Marekani, bei ya umeme katika soko la jumla ilifikia ukomo wa dola 9,000 kwa megawati-saa, sawa na dola 9 kwa uniti, na wateja waliofungwa na bei hiyo moja kwa moja walipokea ankara za maelfu ya dola. Baadaye mwaka huohuo jimbo hilo lilipiga marufuku mikataba ya aina hiyo kwa wateja wa majumbani.

Mteja asiyeridhika na ankara aanze kwa kuandika namba ya mita, tarehe ya usomaji na kipindi anachokipinga, kisha aombe kwa msambazaji wake takwimu za matumizi ya kila saa na azilinganishe na jedwali la bei la siku hizo. Tofauti ikionekana, aombe kwa maandishi saa ya ndani ya mita ihakikiwe, akifahamu kwamba mara nyingi gharama ya upimaji humrudia mteja endapo mita itakutwa sahihi. Asifungue kifuniko wala kukata lakiri kwa nia ya kujithibitishia mwenyewe. Lakiri iliyokatwa huchukuliwa kuwa dalili ya kuchezea mita, na inaweza kuleta kukatiwa huduma, kudaiwa makadirio ya umeme wa nyuma, au kufikishwa mahakamani kwa mujibu wa sheria inayotumika. Jibu la msambazaji lisipotosheleza, lalamiko lipelekwe kwa mdhibiti wa huduma za nishati pamoja na nakala za barua zote, ndani ya muda uliotajwa katika mkataba. Sehemu ya ankara isiyobishaniwa iendelee kulipwa wakati wote huo, kwa kuwa kuwasilisha lalamiko hakusimamishi deni lililobaki.