Je, wajua kwa nini rekodi ya jinai Zanzibar haikai ofisi moja?

Binti wa ami yangu alipata kazi Muscat. Mwajiri alitaka karatasi moja: uthibitisho kwamba hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Yeye anakaa Pemba, na shauri la kwanza alilopewa na watu wa baraza lilikuwa aende mahakamani, kwani si ndiko kesi zinakohukumiwa? Akapanda daladala, akafika kwa karani wa masjala, akaulizwa namba ya kesi. Namba hana, kwa sababu kesi hana, na hiyo ndiyo sababu anaitaka karatasi. Akarudi nyumbani jioni, nauli imekwenda na siku imekwenda.

Karani hakumkosea. Alikuwa amebisha hodi mlango usiokuwa wake, na milango hii imetengana tangu mwaka 1964. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, Makubaliano ya Muungano yalitaja mambo 11 ya kuendeshwa pamoja. Jeshi la Polisi limo. Mahakama hazimo, wala magereza hayamo. Ndiyo maana hadi leo askari wa Chake Chake na askari wa Mwanza ni wa jeshi moja, lakini hakimu wa Chake Chake ni wa Mahakama ya Zanzibar, yenye Jaji Mkuu wake na Mahakama Kuu yake. Mahakama za Zanzibar na za Bara zinakutana juu kabisa, kwenye Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1979. Hata makosa yenyewe yameandikwa katika sheria ya Zanzibar, Sheria ya Adhabu namba 6 ya 2018, na anayefungwa hapelekwi Magereza kama wa Bara. Anapelekwa Chuo cha Mafunzo, na akiwa humo anaitwa mwanafunzi.

Sasa mfikirie kijana aliyekamatwa Konde kwa wizi wa karafuu. Kituoni jina lake limeingia kwenye kitabu cha taarifa na shauri limepewa namba, ile ambayo kila mtu anaiita RB. Akishtakiwa, mahakama inamfungulia jalada lenye namba nyingine na mwaka wake. Akifungwa, Chuo cha Mafunzo nacho kinamwandika kwa daftari lake. Mtu mmoja, kosa moja, maandishi sehemu tatu, na hakuna hata moja inayobeba habari yote.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani jiulize: nataka kuthibitisha nini?

Ukitaka kuthibitisha habari zako mwenyewe, kwa ajili ya kazi, viza au masomo, mlango wako ni polisi. Watu wanaiita cheti cha tabia njema, ingawa polisi hawapimi tabia ya mtu. Wanaangalia kama alama za vidole vyako zimo kwenye kumbukumbu za waliopatikana na hatia. Chukua kitambulisho, nakala ya pasipoti kama unasafiri, na picha ndogo za pasipoti. Barua ya sheha, yaani kiongozi wa shehia yako, nayo iwe mkobani, maana kwetu sheha ndiye anayeulizwa kwanza mtu huyu ni nani na anakaa wapi. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Usimpe mtu pesa mkononi akuahidi kukukimbizia.

Halafu zinakuja alama za vidole, na hapa pana jambo ninalotaka ulione vizuri. Askari anakushika kidole kimoja kimoja, anakilaza kwenye wino kwa ukingo wa ukucha mmoja, anakibiringisha polepole mpaka ukingo wa pili, kisha anakibiringisha vivyo hivyo juu ya karatasi. Vidole kumi vyote. Ukikaza mkono, wino unatapakaa na kazi inaanza upya; ulegeze, mwachie yeye aupeleke. Mwenye mikono ya kazi, aliyezoea kuvuta kamba za mwani au kushika jembe, mistari ya vidole vyake huwa imelika, na huenda akarudiwa zaidi ya mara moja. Asiudhike.

Kwa nini taabu yote hiyo wakati jina lipo? Kwa sababu jina Zanzibar halimtambulishi mtu mmoja. Sisi huandika jina letu, la baba na la babu, na tunapenda kuwapa watoto majina ya babu zao. Juma Ali Juma wako wangapi? Ukiita jina hilo sokoni Darajani siku ya mkesha wa Idi, watageuka watu zaidi ya mmoja. Mtu akitafutwa kwa jina tu, Juma wa Jambiani anaweza kubebeshwa wizi wa Juma wa Mkoani. Kidole hakina wajina.

Ukitaka habari za kesi, mlango ni mahakama, na mahakama ile ile iliyoisikiliza. Kesi ya Wete haitafutwi Mwanakwerekwe. Unaandika barua kwa mrajis, yaani msajili wa mahakama, au kwa hakimu mfawidhi, yule anayeongoza mahakama hiyo, unataja namba ya kesi na mwaka, majina ya upande wa mashtaka na mshtakiwa, na sababu ya kuomba. Namba ukiwa huna, taja jina kamili, kosa, na mwezi uliotolewa uamuzi, ili karani apate pa kuanzia kwenye daftari. Sema wazi unataka nini, kwani hukumu ni kitu kimoja na mwenendo wa kesi, yaani maneno yote ya mashahidi, ni kitu kingine. Anayekata rufaa anavihitaji vyote viwili, tena vilivyothibitishwa kwa muhuri. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu zinasomeka bure kwenye tovuti ya ZanzibarLII. Kesi za watoto ziache. Sheria inawafichia majina, na ni haki yao.

Wapo pia wanaotafuta ya zamani, mzee aliyehukumiwa enzi za Sultani au za Mwingereza. Hao waende Nyaraka za Taifa, Kilimani. Majalada ya mahakama yanakaa kwenye fungu lenye herufi HC, na ndani yake utakuta Kiingereza na Kiarabu. Ukifika kesi za kati ya 1970 na 1985, usitafute jina la wakili: huo ulikuwa wakati wa Mahakama za Wananchi, na mawakili hawakuruhusiwa.

Limebaki moja, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Kukamatwa si kuhukumiwa. RB inaonyesha kwamba taarifa imepokelewa, basi. Hata hivyo mtaani mtu husemwa "ana kesi" miaka kumi baada ya kuachiwa huru, na akinyimwa kazi hajui aanzie wapi. Aanzie mahakamani: aombe nakala ya uamuzi uliomwachia, yenye muhuri, kisha aipeleke polisi ili kumbukumbu zao zilinganishwe nayo. Asitegemee kwamba ofisi moja imeshaiambia nyingine. Aombe nakala mbili, moja aiache kwa polisi na aandikiwe kwamba imepokelewa, ya pili aiweke kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja.

Binti wa ami yangu alifika polisi siku ya pili. Kidole gumba cha kulia kilirudiwa mara mbili, amekuwa akipasua nazi tangu yuko skuli. Karatasi aliipata.