Ninachosoma saivi, na riwaya za kuanzia kama uliacha tangu form four

Saivi nasoma vitabu vitatu kwa mpigo, najua kuna watu hawawezi kabisa hivo lakini mie nshazoea. Kwenye daladala natembea na Duniani Kuna Watu ya Muhammed Said Abdulla, maana ni upelelezi, hata konda akikukatiza katikati ya sentensi unarudi palepale hujapoteza kitu. Jioni nikishasahihisha madaftari nashika Peponi, ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota 2022, mwaka mmoja tu baada ya mzee kupewa Nobel. Wikiendi ndo nakaa na mzigo wenyewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka wa Aniceti Kitereza, na huo sina haraka nao kabisa, ntausemea chini.

Mimi nafundisha Kiswahili A-level, kwahiyo kila nikienda harusini au msibani lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Mwalimu, nataka kurudi kusoma riwaya, nianze na ipi?" Anayeuliza ni mtu mzima, ana kazi na watoto, na mara ya mwisho kushika riwaya ya Kiswahili ilikuwa Takadini au Joka la Mdimu au Watoto wa Mama N'tilie, anajiandaa na mtihani wa taifa wa NECTA. Ukimbana kidogo anakiri kwamba hata hiyo hakuisoma, alisoma uchambuzi wa mtu. Simlaumu hata kidogo, sisi walimu ndo tuliomfundisha kwamba riwaya ni shamba la kwenda kuvuna dhamira tatu na migogoro miwili na tashbiha, fani huku maudhui kule, alafu unafunga kitabu. Atakutajia ujumbe wote lakini muulize wapi alicheka, atakutolea macho tu.

Sasa mtu wa hivo ukimpa riwaya kwa kigezo cha "hii ndo bora kuliko zote" umemfukuza. Nimeona watu wakisikia Euphrase Kezilahabi ndo aliyegeuza riwaya yetu, wanakimbilia Nagona kwasababu ni kitabu chembamba, mtu anasema ntakimaliza Jumapili moja. Jamani! Humo ndani wakati hauendi mbele kama ulivyozoea, msimulizi yuko safarini anatafuta kitu asichokueleza waziwazi, watu wanaingia na kutoka kama ndotoni. Mtu anafika ukurasa wa kumi na tano anakiweka juu ya kabati na anajiona mjinga, na hatajaribu tena.

Kezilahabi anzia alipoanzia mwenyewe, Rosa Mistika, 1971. Tuko kisiwani Ukerewe, nyumbani kwa Zakaria, mwalimu wa zamani ambaye siku hizi kazi yake ni pombe, na Rosa ndo binti yake mkubwa. Zakaria hana muda na njaa ya watoto wake lakini kwenye suala la wavulana ni askari, barua moja tu ya mapenzi inatosha kumfanya apige bila kuhesabu. Alafu huyohuyo binti aliyefungiwa anaenda shule ya bweni, hajui chochote kuhusu wanaume zaidi ya kuwaogopa, na hapo ndo utaelewa kwanini kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa kipindi. Mie nikisoma kinachonishika ni jinsi Kezilahabi anavyokataa kukwambia nani wa kulaumiwa, kila ukimpata mtuhumiwa anakuletea mwingine. Ukikimaliza nenda Kichwamaji, kisha Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka, na Nagona na Mzingile ziache mwisho, kwa mpangilio huo utazikuta zinakusubiri ukiwa umeshamzoea mzee.

Ila kama unataka kitabu kimoja tu cha kukurudisha, basi ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, na najua wengine mliisoma kidato cha tano na sita mkaichukia, nawaomba mrudi. Yasmin kaozwa bado mtoto kwa Bwana Raza, mwanaume wa umri wa kumzaa kabisa. Anamkimbia, ndugu zake wenyewe wanamfungia mlango, anayempokea ni Mwajuma, maskini wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, asiye na undugu naye wowote. Humo ndo anakutana na Denge, kijana aliyetoka masomoni Urusi, anayesakwa na polisi wa mkoloni, Inspekta Wright na yule Koplo Matata. Darasani tunakimbilia ukoloni na ukombozi, sawa vipo, lakini wewe soma chumba cha Mwajuma. Mwangalie anavyomcheka Yasmin, anavyomfundisha maisha bila kumpa mhadhara, anavyoijua taarabu na starehe zake na haombi radhi kwa mtu. Kwa maoni yangu Mwajuma ndo roho ya kitabu, na kwenye mtihani hatumtendei haki. Amil Shivji kaitengenezea filamu 2021, tazama ukishasoma, sio kabla.

Kwa Wazanzibari wengine ntapita haraka. Utengano ya Said Ahmed Mohamed kwa anayetaka hasira, kile kisasi cha Kazija kwa Bwana Maksuudi kitakukosesha usingizi. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed kwa anayependa sentensi iliyopigwa randa ikatulia, mie naona hakuna aliyemfikia kwa hilo. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon kwa anayelalamika kwamba riwaya zote ni za zamani.

Wakenya watanidai Siku Njema ya Ken Walibora, na ni kweli, tangu 1996 imefanya kazi kubwa. Kongowea anatoka Tanga anamtafuta baba yake mpaka Kitale, Kiswahili kinatiririka, sadfa ni nyingi mno kwa ladha yangu (huyu anakutana na yule, yule kumbe ni fulani) lakini utasamehe maana hutaki kukiweka chini.

Na ukiona zote hizo ni nzito, chukua Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, au Ben Mtobwa na wake Joram Kiango, wala usifiche jalada. Kuna walimu wenzangu wanakunja uso wakisikia majina hayo, wanaziita za kupotezea muda, wakati kizazi kizima kilijifunza kusoma kitabu mpaka mwisho kwa hizohizo, risasi na pasipoti na vyote. Mtu aliyemaliza Kufa na Kupona ya Musiba kwa usiku mmoja ameshapata pumzi ya kusoma kitu kingine.

Narudi kwa Kitereza. Huyu naye ni wa Ukerewe kama Kezilahabi, kisiwa kile sijui kina nini. Aliiandika kwa Kikerewe akaimaliza 1945, hakupata wa kuichapa, miaka ikapita, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakaitoa 1980 na mwaka uliofuata akafariki. Kisa ni chepesi kukisema, mume na mke wanapendana na hawajapata mtoto, ndugu wa mume wanamsema vibaya mke, wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere ili amrudishe lazima atoe faini ya pombe ya ndizi. Mwandishi wa leo angesema "akatengeneza pombe" akaendelea na safari. Kitereza hapana, anakukalisha hapo tangu ndizi zinavyoivishwa, majirani wanavyoombwa msaada, nani kabeba mtungi gani, na salamu zote wanazopeana njiani anaziandika zote. Mwanzoni nilikuwa naruka, saivi siruki, kwasababu ukikaa ndani ya huo mwendo unaanza kupata wasiwasi wa Myombekere, kila hatua ya pombe kuharibika ni hatua ya kumkosa mkewe. Sasa nimefika kwa mganga Kibuguma na dawa zake. Usianze na hiki lakini, tafadhali.

Kuvipata: Dar jaribu TPH Bookshop pale Samora, Unguja kuna Masomo Bookshop. Kwa wauza vitabu vya mtumba utapata kwa bei ya kupatana ila kabla hujatoa hela fungua katikati na mwisho uangalie namba za kurasa zinafuatana, maana nakala nyingi za kidurufu zinarukaruka, na upelelezi usio na kurasa za mwisho wa nini.