Je, kushuka mlima ukiwa frii kunaokoa mafuta?

Ukitoka Iringa kwenda Morogoro, ukishapita Ilula barabara inafika ukingoni na kuanza kuteremka Kitonga. Upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Malori yaliyopakia yanajikongoja, na harufu ya breki zilizochemka inakufikia hata ukiwa umefunga vioo. Hapo ndipo nilipomwona mjomba wangu, miaka mingi iliyopita, akichomoa gia na kuliacha gari frii. Peugeot 504 yake ikapunguza mngurumo, ikaanza kuteleza yenyewe. "Hapa tunakwenda bure, mjomba," akaniambia.

Madereva wengi wa leo bado wanaamini hivyo, na wengi wao wanaendesha IST, Vitz au Corolla ambazo hazifanani kabisa na ile 504. Kwa gari lako la sasa, kushuka mlima mkali ukiwa frii kunakula mafuta zaidi kuliko kushuka gia ikiwa ndani. Lakini mjomba hakuwa akijidanganya. Kwa gari lake, alikuwa na hoja.

Peugeot ile ilikuwa na kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, na kabureta haijui kama gari linapanda au linashuka. Inachojua ni hewa tu: injini ikifyonza hewa, hewa inapita kwenye koo jembamba na kuvuta petroli. Ukishuka mlima gia ikiwa ndani, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Hata mguu ukiwa mbali na pedali ya mafuta, injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inaendelea kufyonza, na petroli inaendelea kuvutwa kupitia tundu la sailensi, yaani lile linaloilisha injini inapounguruma bila kazi. Ukitoa gia, mizunguko inashuka hadi 800 hivi, na kinachovutwa kinapungua. Kwa hiyo vijana wa enzi za kabureta waliojifunza udereva kwa wazee wao walipewa somo lenye ukweli ndani yake, ingawa lilikuwa la hatari.

Kisha ikaja EFI, mfumo wa kupuliza petroli kwa kuongozwa na kompyuta. Petroli haivutwi tena na hewa; inapulizwa na nozeli, na nozeli zinafunguliwa na kufungwa kwa amri ya kompyuta ya gari. Kompyuta hiyo inajua mguu wako uko wapi na injini inazunguka kwa kasi gani. Ikiona umeachia mafuta kabisa huku mizunguko ikiwa bado juu, inajua kwamba injini inazungushwa na matairi na haihitaji kulishwa. Basi inafunga nozeli zote. Matumizi yako wakati huo ni sifuri, na yataendelea kuwa sifuri mpaka mizunguko ishuke karibu na 1,000 au 1,500, kutegemea gari, au mpaka ukanyage mafuta tena.

Sasa fikiria umetoa gia mlimani. Umekata uhusiano kati ya matairi na injini. Hakuna tena wa kuizungusha, kwa hiyo isipopewa petroli itazima. Nozeli zinafunguka na injini inakula sailensi. Injini ndogo ikiunguruma bila kazi hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Mteremko wa dakika 10 ukiwa frii utakula kama mililita 80 hadi 170. Mteremko huohuo gia ikiwa ndani, mguu ukiwa mbali na pedali ya mafuta, hauli hata tone.

Niseme pia upande wa pili, kwa sababu kuna wanaobisha kwa haki. Kwenye mteremko mpole sana, gia inalipunguza gari mwendo mpaka inabidi ukanyage mafuta, wakati frii ingelifikisha mbali zaidi. Hapo frii inaweza kuokoa kidogo. Lakini ni kidogo kweli, na mteremko wa namna hiyo si ule unaowashawishi watu kutoa gia. Wanaitoa Kitonga.

Na Kitonga ndiko breki zinakoua. Gari linaposhuka, nguvu inayotokana na uzito wake lazima iishie mahali fulani. Gia ikiwa ndani, sehemu kubwa ya nguvu hiyo inamezwa na injini inapobana hewa na kuifyonza. Ukiwa frii, karibu mzigo wote unabebwa na breki, na breki hazina la kufanya na nguvu hiyo isipokuwa kuigeuza joto. Piga hesabu ya lori la tani 50 likishuka mlima wenye kimo cha mita 300. Nguvu inayotakiwa kumalizwa hapo ni sawa na ile iliyomo katika lita 4 za dizeli. Ni kama kuchomea lita 4 za dizeli ndani ya ngoma za breki. Zikishika moto, zinapoteza mshiko. Dereva anakanyaga na lori haliitiki. Kenya nzima inaijua Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kwa ajili ya malori yaliyoshuka hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dereva wa lori hakuwahi kuwa na sababu. Injini ya dizeli, hata ile ya zamani yenye pampu isiyo na kompyuta, hukata mafuta ukiachia pedali gia ikiwa ndani. Hoja ya mjomba haikumhusu kamwe. Sheria waliyofundishwa madereva wa zamani bado ni mwanzo mzuri: gia ambayo ungepandia mlima, shukia gia hiyohiyo au ya chini yake. Na iingize kabla mteremko haujaanza, kwa sababu gari likishashika kasi, kurudisha gia ni kazi.

Mwenye gia otomatiki anaweza kusema hayamhusu. Yanamhusu. Magari mengi ya Kijapani yaliyozagaa mjini yana kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa) kwenye mkono wa gia. Ukikibonyeza taa ya O/D OFF inawaka, na gari halipandi tena gia ya juu kabisa. Kwenye mteremko hiyo ndiyo breki ya injini. Mlima ukiwa mkali zaidi, shusha hadi 2 au L, ukiwa tayari umepunguza mwendo. Ukifika tambarare, irudishe O/D, maana kuiacha imezimwa safari nzima ni kupoteza mafuta bure. Kuweka N mwendo ukiwa mkubwa ni vibaya kwa gia yenyewe: pampu inayozungusha oili ndani yake inaendeshwa na injini, nayo injini iko sailensi wakati vyuma vinazungushwa kwa kasi na matairi. Na anayezima injini kabisa mlimani anapoteza msaada wa breki na wepesi wa usukani kwa pamoja, tena akizungusha ufunguo kupita kiasi usukani unaweza kujifunga.

Kama frii siyo, basi mafuta yanaokolewa wapi? Kwa maoni yangu, kwenye kanyagio la breki. Gari la kilo 1,200 likiwa kwenye mwendo wa 50, petroli iliyotumika kulifikisha mwendo huo ni kama mililita 15, kwa injini inayogeuza robo ya petroli kuwa mwendo. Ni kijiko kimoja cha chakula. Ukifunga breki, umekimwaga. Kutoka mwendo wa 80 ni mililita 37 hivi. Zifunge hivyo mara 27 na umemwaga lita nzima. Sasa kumbuka safari zetu: kila kijiji kina matuta, kina kibao cha 50, na mbele yake kuna trafiki na tochi yake. Dereva anayekanyaga mafuta mpaka kwenye kibao halafu anafunga breki anamwaga vijiko njia nzima. Anayekiona kibao kwa mbali, akaachia mafuta gia ikiwa ndani na kuliacha gari lipungue lenyewe, anasafiri mita mia kadhaa nozeli zikiwa zimefungwa. Huku ndiko kwenda bure kwa kweli.

Mwendo wenyewe nao una bei yake. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukitoka 80 kwenda 100 hewa inakusukuma nyuma kwa zaidi ya mara moja na nusu. Upepo mdogo kwenye matairi pia unaongeza mzigo, lakini hilo linamalizwa kwa dakika tano kwa fundi wa tairi.

Kama gari lako linaonyesha matumizi ya papo hapo, lijaribu kwenye mteremko mpole usio na watu. Achia mafuta gia ikiwa ndani: namba inaruka hadi mwisho wa kipimo, au inasoma sifuri, kutegemea kinachopimwa. Kama huna kipimo, zima redio na usikilize. Gari litashikwa kidogo na injini, litapungua polepole, kisha mizunguko ikikaribia 1,200 utahisi kama kuna mkono uliolishikilia nyuma na sasa umeliachia. Hapo nozeli zimefunguka tena.