Asubuhi anatembea, jioni miguu inagoma: maswali na majibu kuhusu distonia ya kurithi

Kuna watoto wanaofika kliniki wakiwa na miaka 12, kadi imeandikwa "mtindio wa ubongo" tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyewahi kuuliza mtoto anaamkaje asubuhi. Majibu haya yanahusu ugonjwa mmoja tu: distonia inayoitikia dawa ya levodopa, ambayo pia huitwa ugonjwa wa Segawa. Ni nadra, lakini una dawa, na wanaoikosa hukaa chini bila sababu.

Distonia ni nini?

Ni misuli kukaza yenyewe bila mtu kutaka, ikavuta na kupinda mguu, mkono au shingo. Katika ugonjwa huu kasoro iko kwenye jeni inayoitwa GCH1, na matokeo yake ubongo hautengenezi dopamini ya kutosha, yaani kemikali inayousaidia kuongoza misuli. Seli za ubongo hazijafa, ndiyo maana picha ya MRI hutoka safi. Levodopa ikiingia mwilini ubongo huigeuza kuwa dopamini, na mtoto huinuka. Daktari Masaya Segawa wa Japani ndiye aliyeueleza ugonjwa huu miaka ya 1970. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1994.

Dalili huanzaje?

Mara nyingi karibu na umri wa miaka 6. Mguu mmoja hupinda kwa ndani, kisigino hakigusi chini, mtoto anatembea kwa ncha za vidole. Tazama viatu vyake: soli ya mguu huo hulika mbele, upande wa nje. Akiamka ana nafuu. Kadiri siku inavyokwenda, miguu inakaza. Mwalimu wa kipindi cha kwanza anasema ni mzima, wa kipindi cha mwisho anasema ni mvivu.

Mpige video kwa simu. Saa 1 asubuhi, mara tu anapoamka, atembee hatua kumi kwenda na kurudi, peku, suruali imekunjwa hadi magotini. Saa 12 jioni rudia palepale. Akilala mchana, piga nyingine anapoamka. Kliniki nyingi huona wagonjwa asubuhi, yaani daktari anamwona mtoto katika saa zake nzuri kabisa, kisha anamwambia mama asiwe na wasiwasi.

Tumeshaambiwa ni mtindio wa ubongo. Kuna haja ya kuhangaika tena?

Ipo. Mtindio hutokana na ubongo kuumia au kukua vibaya kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au utotoni, na jeraha hilo haliongezeki. Mtoto aliyezaliwa vizuri, akakaa na kutembea kwa wakati, kisha akaanza kupinda mguu akiwa na miaka 6, asibandikwe jina la mtindio kabla ya kujaribiwa levodopa. Goti lake likigongwa mguu huruka kwa nguvu kama wa mwenye mtindio, na hilo huwapotosha hata wataalamu.

Wengi wenye mtindio wanao kweli, na kwao dawa hii haitabadilisha mambo sana. Lakini jaribio ni la wiki chache, na levodopa pamoja na kabidopa (dawa inayoisaidia levodopa kufika ubongoni) imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa nini mtoto akae miaka kwenye kiti cha magurudumu kwa kukosa jaribio la wiki chache?

Si vizuri kwanza tumalizie tiba ya nyumbani?

Hapana. Chale hazitengenezi dopamini, wala kombe halitengenezi. Na hili si la waganga peke yao: kurefusha kano ya kisigino kwa upasuaji kabla ya kujaribu levodopa ni kosa lilelile, ila limevaa koti jeupe. Levodopa kwanza.

Lakini kwetu hakuna mwenye ugonjwa huu. Utakuwaje wa kurithi?

Hakuna, au mmetafuta miguu iliyopinda tu? Jeni ileile, kosa lilelile, huonekana tofauti kwa kila ndugu. Mtoto wa miaka 6 hatembei jioni. Shangazi yake anatembea vizuri ila mkono unakakamaa akiandika. Bibi hakuwa na lolote ujanani, lakini alipofika miaka 60 alianza kutetemeka na kutembea polepole, watu wakasema ni uzee au ugonjwa wa Parkinson. Binamu huchoka miguu jioni basi. Baba wa mtoto hana dalili hata moja, na ndiye aliyempa jeni hiyo.

Tofauti hizi zinatokana na nini? Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, na mwenye ugonjwa ana moja mbovu. Jeni hii hutengeneza kimeng'enya, yaani kichocheo kinachosaidia kutengeneza dopamini, na kinachobaki hakilingani kwa wote. Wenye kingi cha kutosha hawaoni kitu, wenye kichache huugua. Wanawake huugua mara 2 hadi 4 zaidi ya wanaume, kwa hiyo ugonjwa unaweza kupita kwa babu na baba kimyakimya ukaibukia kwa binti. Kisha ukoo unamlaumu mama yake. Acheni hilo. Pia kosa la jeni linaweza kuanza upya kwa mtoto bila mzazi yeyote kuwa nalo.

Mtoto wa kwanza anaumwa, basi wa pili atakuwa salama?

Hakuna zamu. Mzazi mmoja akiwa na jeni mbovu, kwa kila mimba uwezekano wa kuirithi ni asilimia 50. Aliyeirithi bila dalili hahitaji dawa. Kipimo cha jeni kikipatikana ni vizuri, ila msisubiri majibu ndipo mtoto aanze levodopa, na jibu la "hakuna kosa" halifuti ugonjwa, kwani vipimo vingine hukosa kuona kipande cha jeni kilichokatika.

Dawa huanzwaje?

Daktari huanza chini, takriban miligramu 1 ya levodopa kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 25 ataanza na robo ya kidonge cha 100/25, yaani levodopa miligramu 100 na kabidopa 25. Soma pakiti: kipo pia cha 250/25, na robo yake ni mara mbili na nusu ya dozi hiyo. Dozi hupandishwa taratibu, kwa wengi hadi miligramu 4 au 5 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa. Wengi hubadilika ndani ya siku chache, lakini jaribio lisikatwe kabla ya mwezi.

Akianza kujinyonganyonga na kurusha mikono, si mashetani, ni dozi iliyopanda haraka. Mrudini daktari aipunguze. Akichefukwa, ale kipande cha muhogo au mkate pamoja na dawa. Nyama, maharage na maziwa vikae mbali na saa ya dawa. Metoklopramidi, ile dawa ya kuzuia kutapika inayouzwa kwenye maduka ya dawa, asipewe kabisa: inazuia dopamini. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vitenganishwe na levodopa kwa saa 2 au zaidi.

Amepona, tuache dawa?

Hapana. Hajapona, dawa inafanya kazi. Mkiacha, mguu utapinda tena. Akipata ujauzito baadaye asiache mwenyewe, aende kwa daktari.

Shangazi amekaa hivi miaka 30. Si amechelewa?

Naye ajaribiwe. Watu waliokaa miongo kadhaa bila dawa wameitikia levodopa. Kiungo kilichoganda kabisa huenda kisinyooke chote, na hiyo ndiyo bei ya kusubiri. Ila asimege vidonge vya mtoto nyumbani. Apimwe, apewe dozi yake.

Tuje na nini?

Video za asubuhi na jioni, viatu vya zamani, dawa zote anazotumia, na orodha ya ndugu wa pande zote mbili: nani hutetemeka, nani mkono humkaza, nani huchoka miguu jioni. Mwombeeni mtoto rufaa ya kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mje wiki hii, msingoje likizo ya shule.