Klachi ya Datsun 240Z: kabla hujagusa nati ya kurekebishia

Datsun 240Z, gari la michezo la zamani la Kijapani, iliyofika gereji kwangu Uyole, Mbeya, ilikuwa imetoka Iringa, na mwenyewe alisema kuwa tangu Makambako alikuwa akikwepa kusimama, kwa sababu kila alipoingiza rivasi meno ya giaboksi yalisagana kwa kelele. Nilipoingia chini ya gari nikaona kwamba nati ya kurekebishia, iliyo kwenye fimbo ya silinda ya chini (ile tunayoiita silevu), ilikuwa imezungushwa hadi mwisho wa nyuzi zake. “Fundi, nimerekebisha mpaka basi, bado inagoma,” akaniambia. Nilimwelewa vizuri, maana hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika magari haya: nati inageuzwa kuwa dawa ya kila ugonjwa wa klachi.

Kazi ya nati hiyo ni ndogo sana. Ukikanyaga pedeli, masta (silinda ya juu, iliyounganishwa na pedeli) husukuma mafuta ya breki kwenda silevu, fimbo ya silevu husukuma uma (mkono wa chuma unaoingia kwenye giaboksi), nao uma husogeza beringi mpaka ikandamize vidole vya springi ya presha pleti (kifuniko chenye bati linaloibana pleti ya klachi), na hapo ndipo pleti ya klachi inapoachiliwa kutoka kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini; isipoachiliwa, gia husagana. Ukiondoa mguu, katika matoleo ya mwanzo ya 240Z kuna springi ya nje inayourudisha uma nyuma, ili beringi isiendelee kugusa vidole. Mwanya huo tu ndio unaorekebishwa na nati. Mimi huuacha uwe kama milimita 2 kwenye ncha ya uma. Matoleo ya baadaye hayana springi ya nje wala nati, kwa hiyo anayetafuta mahali pa kurekebisha kwenye gari la namna hiyo anajisumbua bure.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulielewa kinyume. Wengi huamini kwamba pleti inapoisha, mwanya huongezeka, kama inavyokuwa kwenye breki za ngoma. Sivyo. Pleti inapokonda, bati la presha husogea kuelekea flaiwili, na vidole vya springi hutoka nje kuifuata beringi, hivyo mwanya hupungua mpaka unakwisha kabisa. Mwanya ukishakwisha, beringi hukandamiza vidole hata pale ambapo hakuna mguu kwenye pedeli, na klachi huanza kuteleza. Ukipandisha kutoka Igawilo kuelekea Tukuyu ukiwa gia ya nne, utasikia injini inapandisha mzunguko huku mwendo ukibaki palepale, na muda si mrefu utasikia harufu ya pleti inayoungua. Anayekaza nati ili rivasi iingie kwa ulaini huweza kuununua ugonjwa huu wa pili bila kuuponya ule wa kwanza.

Kwa hiyo, gia zinapogoma kuingia, mimi huanza kwa kupima. Natia alama ya chaki kwenye fimbo ya silevu, naweka rula kando yake, kisha naomba mtu akanyage pedeli mpaka chini. Kwa uzoefu wangu, fimbo isiposogea milimita 12 au zaidi, tatizo liko kwenye mafuta au kwenye pedeli yenyewe. Pedeli ikipata nguvu baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, kuna hewa kwenye mfumo au raba za masta zimechoka. Nanyanyua pia kapeti kwenye miguu ya dereva na kupapasa mahali fimbo ya pedeli inapoingia kwenye masta. Kidole kikitoka na unyevu, jibu limepatikana: masta inavuja. Mpira wa vumbi wa silevu nao hufunuliwa kwa namna hiyohiyo. Tundu la pini inayounganisha pedeli na fimbo ya masta husahaulika sana, lakini baada ya miaka 50 huwa limelika na kuwa kama yai, na sehemu ya mkanyago wako hupotelea humo kabla mafuta hayajasukumwa hata kidogo.

Kwa gari la Iringa, fimbo ilisogea vizuri kabisa. Mafuta yalikuwa safi, pini ilikuwa nzima, na pedeli ilikuwa ngumu tangu mkanyago wa kwanza. Hapo nilijua kwamba tatizo liko ndani na lazima giaboksi ishuke, kazi ambayo hakuna mteja anayefurahi kuisikia.

Mwenyewe alinieleza kwamba presha pleti ilibadilishwa miezi michache kabla. Datsun za ukoo wa Z zilitumia presha pleti za vimo tofauti, na kila moja ina boshi yake ya kubebea beringi, fupi au ndefu kulingana na kimo hicho. Aliyefunga presha mpya alikuwa ameiacha boshi ya zamani. Niliiweka mezani pamoja na boshi inayostahili presha ile, na hata kwa macho tu ile ya zamani ilionekana fupi. Uma ulikuwa unatumia sehemu kubwa ya safari yake kuifikisha beringi kwenye vidole, na safari iliyobaki haikutosha kuiachilia pleti. Nati ilikuwa ikijaribu kuziba pengo ambalo haikutengenezwa kuliziba. Boshi ikiwa ndefu kupita kiasi mambo hugeuka: uma hukosa nafasi ya kurudi na klachi huteleza tangu siku ya kwanza.

Baada ya kufunga boshi sahihi, nati ilikaa katikati ya nyuzi zake na mwanya ukawa milimita 2. Niliwasha injini, nikakanyaga klachi, nikahesabu hadi kumi, kisha nikaingiza rivasi. Iliingia kimya. Nilimwomba mwenyewe aupime mwanya tena baada ya kilomita 500, kwa kuwa pleti ilikuwa bado ngeni, na alipopiga simu kutoka Mafinga aliniambia umepungua kidogo, kama tulivyotarajia, akairudisha nati robo mzunguko.