Sauti ya Hi-Res ni nini, na kwa nini sabufa yako inaikataa

Jirani yangu hapa Busia, upande wa Uganda, ni mwalimu mstaafu. Binti yake anayeishi Uingereza alimletea diski iliyojaa muziki, akamwambia, "Baba, hizi ndizo nyimbo zenyewe, si zile za kwenye flashi." Mzee akaichomeka kwenye sabufa yake. Folda ya kwanza iliimba vizuri. Ya pili sabufa iliruka kila wimbo mpaka ikafika mwisho. Ya tatu haikuonekana kabisa.

"Mwanangu, binti kauziwa nyimbo mbovu?" aliniuliza nilipofika.

"Hapana, Mzee. Nyimbo ni nzima. Sabufa ndiyo haijui kuzisoma."

Tulikaa sebuleni mpaka jioni tukifungua faili moja baada ya jingine. Folda ya kwanza ilikuwa na FLAC, aina ya faili za sauti, za ubora wa CD. Ya pili ilikuwa na FLAC za biti 24 na kilohezi 192. Ya tatu ilikuwa na faili zinazoishia na herufi DSF. Binti alikuwa ameweka mbili za mwisho pamoja na kuziita Hi-Res, na hakukosea.

Kwa maneno mepesi, Hi-Res ni sauti ya kidijitali iliyopimwa kwa vipimo vinavyozidi vya CD. Neno "kupimwa" ndilo la kushika. Sauti ni hewa inayotikisika, na kompyuta haiwezi kuuhifadhi mtikisiko wenyewe. Inachofanya ni kuupima mara nyingi kila sekunde na kuandika namba. Kila kipimo ni sampuli. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Faili la biti 24 lina ngazi zaidi ya milioni 16. Likiwa la kilohezi 96, hupimwa mara 96,000 kwa sekunde.

Hapa ndipo wengi hupotoshwa na matangazo. Huonyeshwa picha ya ngazi mbili, moja yenye vidato vikubwa vya CD na nyingine laini ya Hi-Res, wakaambiwa kwamba CD huacha mapengo na Hi-Res huyaziba. Picha hiyo si ya kweli. Ukipima wimbi zaidi ya mara mbili ya mtikisiko wake wa juu kabisa, kigeuzi, kifaa kinachorudisha namba kuwa sauti, hulijenga upya wimbi lote, si vidato vyake. Sikio la binadamu, tena la kijana mwenye afya, husikia mpaka kama hezi 20,000, yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Mara mbili yake ni 40,000, na ndiyo sababu CD ikawekwa 44,100, pakiwa na nafasi kidogo juu. Kwa hiyo kilohezi 96 haiongezi ulaini katika sauti unayoisikia. Inaongeza nafasi ya kuhifadhi mitikisiko iliyo juu ya masikio yetu. Biti nazo hazileti utamu. Zinashusha chini ule mvumo unaobaki nyuma ya muziki. Biti 16 hutoa umbali wa desibeli 96 hivi kati ya mvumo huo na sauti kubwa kabisa, na biti 24 hutoa 144 kwenye karatasi. Hakuna sebule ya Busia yenye utulivu wa kufaidi desibeli 144, magari ya mizigo ya mpakani yakipita usiku kucha.

Ile nembo utakayoiona kwenye boksi la hedifoni, stika ndogo ya rangi ya dhahabu na nyeusi iliyoandikwa Hi-Res Audio, ni alama inayosimamiwa na chama cha sauti cha Japani. Stika hiyo husema kifaa kina uwezo wa kupokea au kutoa sauti hiyo. Haisemi chochote kuhusu wimbo uliomo ndani ya simu yako.

Turudi kwenye faili. FLAC ni namna ya kukunja sauti bila kupoteza hata biti moja. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2001, na ni bure kwa kila mtu. Ukikunjua FLAC unapata namba zilezile zilizoingia, kama nguo zilizokunjwa sandukuni. Apple wana yao, ALAC, inayofanya kazi hiyohiyo. MP3 ni jambo jingine. Hiyo hupunguza: hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halitazikosa sana, na kilichotupwa hakirudi.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeliona mara nyingi katika vibanda vya kupakia nyimbo, Busia na hata Kampala. Mtu anachukua MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, anaipitisha kwenye programu, inatoka FLAC ya biti 24, kubwa mara nyingi kuliko ilivyoingia, naye anaiuza kama "orijino". Maji yakimwagika hayazoleki. Faili limenenepa na muziki umebaki uleule. Ukitaka kuhakikisha, fungua wimbo katika Audacity, programu ya bure, na uchague muonekano wa spektrogramu, picha inayoonyesha kwa rangi mitikisiko ya wimbo, ya chini mpaka ya juu. Rangi za wimbo wa kweli hupanda juu na kufifia polepole. Wimbo uliotoka kwenye MP3 ya 128 hukatika karibu na hezi 16,000, mstari umenyooka kama ukingo wa meza, na juu yake ni giza tupu. Mzee alipoiona picha hiyo ya wimbo mmoja aliouziwa zamani akaguna, akaondoka kwenda kuchukua miwani ili aangalie vizuri.

Kwa hiyo kugeuza fomati kuna njia moja tu ya uaminifu: kutoka juu kwenda chini. Faili la 24/192, yaani biti 24 na kilohezi 192, unaweza kulishusha liwe 16/44.1 na likasikika vizuri kabisa, mradi programu iongeze ile kelele ndogo mno inayoitwa ditha wakati wa kupunguza biti. Bila ditha, mwisho wa wimbo unaofifia taratibu unaweza kukwaruza. Mimi hutumia programu ya FFmpeg kwa sababu naweza kugeuza folda nzima kwa mstari mmoja wa amri, lakini programu ya foobar2000 inamfaa zaidi asiyependa kuandika amri. Nyimbo za folda ya pili nilizishusha mpaka biti 16 na kilohezi 48, maana 192 hugawanyika kwa 48 mara nne sawia. Nikaziweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, kwa kuwa sabufa nyingi za bei ya kawaida hazizielewi flashi za mfumo mwingine. Zikaimba zote.

Folda ya tatu ilihitaji maelezo zaidi. DSF hubeba sauti ya DSD, iliyotengenezwa na Sony na Philips kwa ajili ya diski ya Super Audio CD, iliyotoka mwaka 1999. DSD haipimi kwa ngazi maelfu. Hutumia biti moja tu, lakini mara 2,822,400 kwa sekunde, yaani mara 64 ya CD. Biti hiyo moja ina kelele nyingi, ila kelele hizo husukumwa juu kabisa, kusikofikiwa na sikio. Ukigeuza DSD kuwa FLAC, kelele hizo lazima zichujwe, la sivyo vikuzasauti vinaweza kupata joto bure kwa kusukuma kitu kisichosikika. Nilizipeleka kwenye 24/88.2, namba inayogawa ile milioni 2.8 kwa 32 kamili, nikachuja zilizo juu, nikazihifadhi hivyo kwenye kompyuta ya Mzee. Za sabufa nikazishusha tena mpaka 16/44.1.

Sasa kustrimu. Watu huniuliza kama si rahisi zaidi kuachana na flashi na kutumia simu. Inawezekana, lakini ujue njia inayopita sauti. Apple Music ilianza kutoa sauti isiyopotea mwaka 2021, mpaka 24/192. Ukiisikiliza kwa Bluetooth kwenye sabufa, simu huikunja upya, safari hii kwa kupoteza. Kodeki ya kawaida ya Bluetooth, yaani njia yake ya kukunja sauti, ni SBC, nayo hubeba kilobiti 328 hivi kwa sekunde kwa mpangilio wake wa kawaida wa juu. CD peke yake ni kilobiti 1,411, na 24/96 kabla ya kukunjwa ni 4,608. Hata LDAC ya Sony, ambayo ni bora zaidi, inaishia 990. Mtu analipia mto mkubwa kisha anaupitisha kwenye bomba la bustani. Waya kutoka kwenye simu, au DAC ndogo ya USB, yaani kile kigeuzi kikiwa nje ya simu, ingemfaa zaidi.

Na kuna bando. Saa moja ya 24/96 bila kukunjwa ni GB 2 na kitu. FLAC huipunguza, mara nyingi karibu nusu, lakini bado ni zaidi ya GB moja kwa saa. Saa hiyohiyo kwa kilobiti 256, kiwango kizuri cha AAC, fomati inayopunguza kama MP3, ni MB 115 tu. Anayenunua bando la siku ataona tofauti hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Ndani ya nyumba ni rahisi zaidi, maana hakuna bando linalokatwa. Kompyuta yenye nyimbo hugeuzwa kuwa seva kwa programu kama Jellyfin au MiniDLNA, na televisheni au redio iliyo kwenye Wi-Fi moja nayo huzivuta kutoka hapo. Baadhi ya seva, Jellyfin ikiwemo, zinaweza kugeuza fomati papo hapo zikiona mpokeaji hawezi. Sauti ikikwamakwama, mara nyingi tatizo ni Wi-Fi iliyosongamana, hivyo waya wa mtandao ndio dawa.

Je, sikio linasikia tofauti? Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha matokeo ya majaribio ambamo sauti ya Super Audio CD ilipitishwa katika ubora wa CD bila wasikilizaji kujua, nao hawakuweza kutofautisha zaidi ya kubahatisha. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary huko London alikusanya tafiti 18 akakuta majibu sahihi yalikuwa asilimia 52.3, juu kidogo ya sarafu inayorushwa. Kwangu hiyo inatosha kusema: kwa kusikiliza nyumbani, FLAC ya 16/44.1 kutoka chanzo kizuri haina deni, na pesa iliyobaki ipeleke kwenye spika.

Lakini Hi-Res ina kazi yake halisi, nayo ni kurekodi na kuhifadhi. Ukirekodi kwa biti 24 huna haja ya kupandisha sauti mpaka ukingoni kwa hofu ya mvumo, unaacha nafasi juu na hakuna kinachopasuka. Shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, hupendekeza biti 24 na angalau kilohezi 48 kwa kunakili rekodi za zamani, kwa sababu kaseti huchakaa na pengine haitachezwa tena ikiwa nzima.

Mzee alipolisikia hilo akaingia chumbani akatoka na kaseti moja, lebo yake imefifia, ya kwaya ya shule aliyoifundisha. Tuliicheza mara moja tu, waya ukitoka kwenye deki kuingia kwenye kompyuta, 24/96, sauti ya juu kabisa ikiachiwa desibeli 12 chini ya ukingo. Upande A ulichukua nusu saa, kama GB moja. Katikati ya wimbo wa tatu mwalimu kijana anasikika akihesabu mapigo kwa sauti, "moja, mbili," kabla ya watoto kuingia. Mzee akaniomba nirudishe hapo, nikamwambia tusubiri mkanda uishe. Ulipoisha, nikalirudisha faili badala ya kaseti, akaisikiliza sauti yake mara nne.