Insulini Hufuata Sahani: Maswali na Majibu Kuhusu Wakati na Namna ya Kudunga Insulini

Maswali yafuatayo huulizwa mara kwa mara na wauguzi wanaoanza kazi na jamaa wanaowauguza wagonjwa wa kisukari hapa Mombasa. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kando ya kitanda.

Kwa nini muuguzi huuliza habari za chakula kabla ya kudunga sindano?

Kwa sababu insulini ikishaingia mwilini haingoji. Huanza kupunguza sukari katika damu, mgonjwa awe amekula au hajala, na hakuna njia ya kuirudisha kwenye bomba. Katika wodi moja niliyopata kuifanyia kazi, sindano zilidungwa saa kumi na mbili asubuhi kwa kuwa zamu ya usiku ilitaka kukabidhi kazi ikiwa imekamilika, ilhali kigari cha chai hakikufika ila baada ya saa mbili. Namkumbuka bibi mmoja aliyekuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake, kipaji kimejaa jasho, na kila nililomuuliza akajibu "naam" tu. Nilipompima, sukari ilikuwa imeshuka hadi milimoli 2.8 kwa lita. Dawa ilikuwa ndiyo, kipimo kilikuwa ndicho. Kilichokosewa ni wakati. Tangu siku hiyo sidungi insulini ya chakula mpaka nimeuliza, "Bibi, chai imefika?" na nimeiona kwa macho yangu.

Aina za insulini hutofautiana vipi, na kila moja hudungwa wakati gani?

Insulini za haraka, kama vile lispro na aspart, huanza kazi baada ya dakika 10 hadi 20, hufikia kilele saa 1 hadi 3 baada ya kudungwa, na huisha nguvu baada ya saa 3 hadi 5. Hizi hudungwa sahani ikiwa mbele ya mgonjwa, au si zaidi ya dakika 15 kabla hajala. Insulini ya kawaida, ile ya maji maangavu, huchukua kama nusu saa kuanza, kilele chake ni saa 2 hadi 4, na hudumu saa 6 hadi 8. Kwa hiyo hutangulia chakula kwa dakika 30, na muuguzi anayeidunga lazima awe na hakika kwamba chakula kitafika baada ya muda huo.

Insulini ya muda wa kati, NPH, ndiyo ile nyeupe kama maziwa. Herufi H ni ya Hagedorn, mtaalamu wa Denmark, na weupe wake unatokana na kuunganishwa na protamini, protini ambayo asili yake ilitolewa kwa samaki, ambayo huifanya insulini iachie nguvu zake polepole. Kilele chake huja saa 4 hadi 12 baada ya kudungwa, na hapo ndipo penye hatari isiyoonekana, kwa maana dozi ya jioni huweza kufikia kilele usiku wa manane, mgonjwa akiwa usingizini na muuguzi akidhani amepumzika. Mgonjwa anayeamka na shuka lililolowa jasho, kichwa kikimuuma, au aliyeota ndoto za kutisha, apimwe sukari hata kama feni ilikuwa imezima.

Mchanganyiko wa 30/70, ambao wagonjwa wetu wengi huutumia, una sehemu 30 za insulini ya kawaida na sehemu 70 za NPH katika chupa moja. Hudungwa nusu saa kabla ya chai ya asubuhi na nusu saa kabla ya chakula cha usiku, na mtumiaji wake hapaswi kuruka chakula cha mchana, kwa kuwa ile sehemu ya NPH ya asubuhi huwa kileleni saa hizo.

Insulini za muda mrefu, kama vile glarigini na degludeki, hazina kilele kikali. Hudungwa wakati uleule kila siku, bila kutegemea chakula. Glarigini ni maangavu kama maji, hivyo ni rahisi kuichukua ukidhani ni ile ya kawaida. Jina kwenye chupa lisomwe, rangi haitoshi. Wala glarigini haichanganywi na insulini nyingine katika bomba moja.

Insulini ya kawaida, ile maangavu, na ile ya maziwa huchanganywa vipi?

Tuseme daktari ameandika yuniti 10 za maangavu na 20 za NPH. Chupa ya NPH huviringishwa baina ya viganja mara 10 hadi 20, mpaka weupe uliotuama chini uenee wote. Haitikiswi, kwa kuwa kutikisa huleta viputo, na viputo hula kipimo. Ingiza hewa ya yuniti 20 katika chupa ya NPH bila sindano kugusa dawa, utoe sindano, kisha ingiza hewa ya yuniti 10 katika chupa maangavu, uipindue na kuvuta yuniti 10. Ukishaondoa viputo, rudi kwenye NPH na uvute polepole mpaka mstari wa 30. Maangavu hutangulia daima, kwa sababu tone la NPH likiingia katika chupa yake huipunguzia kasi dawa iliyobaki humo. Ukipitisha mstari, usirudishe. Mwaga yote uanze upya, hata kama foleni ya wagonjwa ni ndefu.

Kwa nini lisitumike bomba la kawaida la sindano?

Insulini tuliyo nayo ina yuniti 100 katika mililita 1, kwa hiyo yuniti 10 ni mililita 0.1 tu, kiasi ambacho bomba kubwa haliwezi kukipima kwa usalama. Bomba la insulini limechorwa kwa yuniti. Neno "yuniti" liandikwe lote kwenye chati, kwa maana herufi U iliyoandikwa kwa haraka huonekana sifuri, na 10 ikasomwa 100. Wauguzi wawili wathibitishe jina la mgonjwa, aina ya dawa na kipimo kabla ya kudunga.

Hudungwa wapi?

Chini ya ngozi: tumboni vidole vitatu kutoka kitovuni, pajani, makalioni, au nyuma ya mkono wa juu. Tumboni hufyonzwa upesi zaidi. Sehemu ibadilishwe kila mara, kwani panapodungwa palepale huota uvimbe wa mafuta, na dawa ikiingia humo hufyonzwa bila mpango. Kalamu ya insulini, yaani kifaa cha kudungia chenye umbo la kalamu, ni ya mtu mmoja, hata sindano ikibadilishwa.

Sukari ikishuka, hufanywa nini?

Chini ya milimoli 4, mgonjwa aliye macho na anayeweza kumeza hupewa vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji, hupimwa tena baada ya dakika 15, na hurudiwa ikiwa bado iko chini. Ikipanda, ale kitu cha wanga. Aliyepoteza fahamu hapewi chochote kinywani. Hutibiwa kwa glukosi mshipani au sindano ya glukagoni, homoni inayopandisha sukari.

Je, anayetumia insulini anaweza kufunga Ramadhani?

Wapo wanaoweza na wapo wasioweza, na uamuzi ufanywe na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kwa anayetumia 30/70, utaratibu uliozoeleka ni kwamba dozi ya asubuhi huhamia futari, na dozi ya jioni hupunguzwa, pengine kwa nusu, ikadungwa wakati wa daku. Nawasihi sana wagonjwa wasibahatishe hesabu hiyo wenyewe. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, mgonjwa afungue hapohapo, hata kama adhana ya Magharibi imebakiza dakika chache.

Joto la hapa halidhuru dawa?

Hudhuru, hasa miezi ya kaskazi. Chupa isiyofunguliwa hukaa katika jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, kwani iliyoganda hutupwa. Iliyofunguliwa huandikwa tarehe na hutumika kwa siku 28 mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30, kulingana na maelezo ya kifurushi. Mtungi wa udongo husaidia, ingawa si sana katika unyevu wa pwani.

Mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, aandikiwe nini?

Asiandikiwe namba ya saa peke yake. Chati ya wodi hufuata saa za Kiingereza, lakini mama wa Likoni akisoma "saa 8" huelewa saa nane mchana. Mimi huandika "nusu saa kabla ya chai" na "nusu saa kabla ya chakula cha usiku", nikamwomba anisomee kwa sauti. Akiwa anavuka feri kila asubuhi kwenda kazini, humwambia asidunge nyumbani kwa tamaa ya kunywa chai mjini, kwa kuwa foleni ya kivuko haina ahadi. Ama adunge na kunywa chai ng'ambo yake kabla hajavuka, ama adunge akishavuka, mahamri na mbaazi zikiwa karibu kuandaliwa.